Masaji kwa Mwenye Maradhi: Maswali ya Wasomaji kwa Mtaalamu wa Fiziotherapia

Tangu safu hii ilipozungumzia maumivu ya mgongo katika toleo lililopita, wasomaji wengi wameandika kuuliza jambo ambalo halikuguswa: je, mtu mwenye presha, kisukari, kiharusi au saratani anaweza kukandwa bila kudhurika? Barua zimetoka kwa wagonjwa, kwa jamaa wanaowauguza na, jambo lililonifurahisha, kwa wakandaji wenyewe. Zilizochaguliwa zimefupishwa, na majina yameondolewa kwa kuwa yanahusu afya za watu. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemwona na kumpima mgonjwa.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninafanya kazi ya masaji katika hoteli moja ya ufukweni. Hivi karibuni alikuja mgeni wa makamo aliyewasili siku iliyotangulia kutoka Ulaya. Aliniomba nimkande kwa nguvu kigimbi cha mguu wa kushoto, kwani kilikuwa kikimkaza tangu aliposhuka kwenye ndege. Niliona mguu ule umevimba kuliko wa kulia, nikasita, nikamkanda mgongo peke yake. Msimamizi wangu alikasirika akasema nimemkatiza mgeni starehe yake. Je, nilikosea? (Mkandaji, Nungwi)

JIBU: Marahaba. Hukukosea, na huenda kusita kwako ndiko kulikomwokoa mgeni huyo. Damu iliyoshuka miguuni hurudishwa juu kwa kubanwa na misuli ya kigimbi kila mtu anapopiga hatua, kwa hiyo anayekaa kitini kwa zaidi ya saa 4 bila kunyanyuka huiacha damu hiyo ikitembea polepole mno, na wakati mwingine huganda ndani ya vena zilizo chini kabisa, katikati ya misuli. (Wala si ndege peke yake: basi la Dar es Salaam hadi Mwanza hukaa njiani muda mrefu kuliko ndege nyingi zitokazo Ulaya.) Hatari huongezeka kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti, aliyefungwa plasta baada ya kuvunjika mguu, mjamzito, mzazi ambaye hajamaliza wiki 6 tangu kujifungua, anayetibiwa saratani, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na zaidi ya wote yule aliyewahi kupata tatizo hilo hapo nyuma. Bonge la damu lililotulia mshipani linaweza kumeguka linapobanwa na kusuguliwa, likapanda hadi moyoni, na kutoka hapo likakwama katika mishipa ya mapafu. Likiwa kubwa, linaweza kumwua mtu pale pale juu ya kitanda cha masaji.

Dalili za kutazama ni mguu mmoja kuvimba, kuuma kigimbini au pajani, kuwa na joto kuliko mwenzake, na ngozi kubadilika rangi, ingawa juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi na ni afadhali kutumia mgongo wa kiganja kulinganisha joto la miguu miwili. Ukiwa na tepu ya fundi cherehani, tafuta kinundu cha mfupa kilicho mbele ya mguu chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, kisha uzungushe tepu na ulinganishe miguu yote miwili. Madaktari huihesabu tofauti inayozidi sentimita 3 kuwa ishara nzito. Usimbonyeze mteja kwa nguvu ili kuhakikisha, wala usimkunje unyayo, kwa sababu huko kupima kwenyewe kunaweza kuleta madhara. Kumbuka pia kwamba damu huweza kuganda bila dalili yoyote ya nje, kwa hiyo swali la safari, upasuaji na dawa ni lazima liulizwe hata mguu ukionekana mzima.

Jambo moja tu ningelifanya tofauti na wewe: hata mgongo nisingeukanda. Mteja wa namna hiyo anatakiwa kwenda hospitali siku hiyo hiyo akapigwe picha ya mawimbi ya sauti ya mishipa ya mguu, na saa moja aliyolala kwako akistarehe ni saa moja aliyochelewa. Akisema anakosa pumzi, kifua kinamchoma au anakohoa damu, hiyo ni dharura ya kuita gari. Msimamizi wako naye afikirie ni nani angejibu maswali ya polisi na ya kampuni ya bima iwapo mgeni angefia mikononi mwako.

Miguu yote miwili ikivimba kwa usawa, habari huwa nyingine: huenda ni moyo usiosukuma damu vizuri, au figo, au ini. Huyo naye asikandwe hadi ajulikane anaumwa nini. Akisharuhusiwa na daktari, asilazwe chali moja kwa moja bali aegemezwe mito, na maji yaliyomo miguuni yasisukumwe kuelekea juu kana kwamba ndiyo tiba, kwani moyo uliochoka hauwezi kupokea mzigo huo kwa mara moja.

SWALI: Nina umri wa miaka 27. Utotoni nilipata homa ya rumatiki iliyoharibu moyo, nikaja kubadilishiwa vali kwa ya chuma, na sasa natumia warfarin kila siku. Ninakaribia kuolewa, na somo yangu ameandaa kusingwa na kukandwa kwa siku kadhaa, pamoja na mafuta ya karafuu na dawa ya kuchua aliyoinunua dukani. Anasema niache vidonge kwa siku hizo ili nisivie damu. Nifanyeje? (Bi harusi mtarajiwa, Pemba)

JIBU: Hongera, dada yangu. Nianze na lililo zito: usiache warfarin hata siku moja kwa sababu ya harusi. Vali ya chuma huvutia damu kuganda juu yake, na kidonge hicho ndicho kinachozuia bonge lisijijenge hapo na kurushwa hadi kwenye ubongo. Somo yako ana nia njema ya kukuepusha na michubuko, lakini mchubuko ni jambo dogo na kiharusi si jambo dogo.

Badala ya kubadili dawa, badilisheni mkono. Singo ipakwe kwa viganja laini bila kusugua kwa gamba, jiwe wala kitambaa cha kukwaruza, na kukanda kuwe kwa kupapasa, pasipo kuingiza vidole au viwiko ndani ya misuli. Kabla ya hapo nenda kliniki ukapimwe kipimo cha INR, kinachoonyesha damu yako huchukua muda gani kuganda, ambacho kwa mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1, na kwa wengi wenye vali kama yako hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3.5 kulingana na vali iliyobadilishwa. Kikizidi kiwango ulichopangiwa na daktari, shughuli ya kukandwa isubiri.

Mafuta ya nazi hayana neno. Dawa ya kuchua ndiyo inayonitia wasiwasi. Soma kibandiko chake: nyingi ya zile zenye harufu kali na joto kwenye ngozi zina methili salisileti, ambayo hupenya ngozini ikaingia katika damu na kuongeza nguvu ya warfarin, na wapo wagonjwa waliotokwa na damu kwa sababu ya kujipaka dawa hizo mwili mzima kwa siku nyingi. Somo yako hakulijua hilo, na wauzaji wengi wa maduka ya dawa hawalisemi mpaka waulizwe. Mafuta ya karafuu nayo yakipakwa bila kuzimuliwa huunguza ngozi, na bi harusi hahitaji malengelenge. Ukiona mchubuko unaotanuka wenyewe, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au ukipata maumivu makali ya kichwa ya ghafla, nenda hospitali bila kungoja asubuhi.

SWALI: Baba yetu mwenye miaka 61 alipata kiharusi wiki 5 zilizopita na upande wa kulia umelegea. Tumemtafutia mchuaji anayekuja kila jioni. Humvuta mkono na kuusokota ili mishipa ifunguke, kisha humchua shingo pande zote mbili. Sasa bega linamuuma baba hata usiku. Isitoshe, ameacha dawa za presha kwa sababu anaona kuchuliwa kunatosha. Tunaogopa kumkatisha tamaa. (Watoto wake, Morogoro)

JIBU: Mpeni baba pole. Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote nilizopokea, na kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dawa za presha zirudi leo, baada ya kuwasiliana na kliniki iliyompangia, kwa maana mtu aliyekwisha kupata kiharusi kimoja yumo katika hatari kubwa ya kupata cha pili, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kufanya kazi ya vidonge hivyo. Mashine ndogo ya kupimia presha si ghali ukilinganisha na malipo ya mchuaji wa kila siku. Baba apimwe kabla ya kuguswa, akiwa ameketi na kupumzika kwa dakika 5. Ikiwa ni 180 kwa 110 au zaidi, asichuliwe siku hiyo, na kliniki ijulishwe. Ikiwa pamoja na hiyo anaumwa kichwa sana, haoni vizuri au maneno yanamparaganyika, apelekwe hospitali papo hapo.

Kuhusu mkono, mjue kwamba mkono wa baba haukuugua. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamuru. Kiungo cha bega kina kikombe kifupi sana, na kinachokishikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisianguke ni misuli. Misuli ikilegea baada ya kiharusi, uzito wa mkono wenyewe hukivuta kiungo hicho chini. Mketisheni baba bila shati, mkono wake ukiwa unaning'inia, kisha mguse ncha ya mfupa juu ya bega na kushuka taratibu. Kama kidole kinazama katika pengo kati ya ncha hiyo na kichwa cha mfupa wa mkono, bega limeteguka kwa kulegea, na kila anapovutwa na kusokotwa kano na utando wa kiungo huzidi kuchanika. Hicho ndicho kinachomnyima usingizi. Kuanzia sasa mkono usivutwe. Akiketi, uwekwe juu ya mto au meza, akilala, uegemezwe, na anaponyanyuliwa kitandani asishikwe kwapani, kosa ambalo hata baadhi ya wauguzi huliona wakalinyamazia.

Shingo isichuliwe kabisa. Pembeni mwa koromeo hupita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na kwa mtu wa umri wake mwenye presha mara nyingi imejaa utando wa mafuta uliokakamaa. Kuibonyeza kunaweza kumega kipande cha utando huo au kuyashusha mapigo ya moyo ghafla hadi mtu akazimia. Halafu, kwa kuwa upande ulioathirika huenda hauhisi vizuri, chupa ya maji ya moto na mawe ya moto yawekwe mbali, maana baba hatasema yanamuunguza kwa kuwa hatajua.

Sisemi masaji hayana faida kwake. Kukandwa taratibu kuanzia vidoleni kuelekea juu hupunguza uvimbe wa kiganja, hutuliza misuli inayoanza kukaza, na humpa mgonjwa usingizi na hisia kwamba mwili wake bado ni wake, jambo lisilopimika lakini ninaloliona kila wiki kliniki. Ila hayaufundishi ubongo njia mpya. Kinachoufundisha ni mazoezi ya kurudiarudia: kujaribu kushika kikombe, kuinuka kitini, kupiga hatua, mara nyingi kwa siku, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na kitengo cha fiziotherapia, na kazi kubwa ya mtaalamu pale ni kuwafundisha nyinyi mfanye nyumbani.

Na yule mchuaji msimfukuze. Mchukueni mwende naye kliniki, aone kwa macho yake namna bega linavyoshikwa. Wengi wao wana mikono mizuri na subira, na wamekosa tu mtu wa kuwaeleza kilichomo ndani ya kiungo wanachokigusa.

SWALI: Kinyozi wangu akimaliza kuninyoa hunikanda kichwa na mabega, kisha hukizungusha kichwa changu ghafla hadi shingo ilie. Nina miaka 34, sina ugonjwa wowote, na naona raha. Mke wangu amenikataza. Nani ana haki? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mkeo. Ndani ya mifupa ya shingo kuna matundu, na ndani ya matundu hayo hupanda ateri mbili zinazolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa kwa kishindo, utando wa ndani wa ateri unaweza kuchanika, damu ikaganda mahali pa mpasuko, na mtu akapata kiharusi katika umri ambao hakuna anayekitarajia. Ni nadra, nakubali, lakini hupati faida yoyote inayolingana na hatari hiyo, kwani mlio unaousikia ni wa gesi iliyo katika maji ya kiungo na wala si mfupa uliorudi mahali pake. Kwa mwenye baridi yabisi ya viungo, mwenye mifupa iliyopungua uzito, aliyetumia dawa ya steroidi iitwayo prednisolone kwa muda mrefu, au mtoto mwenye hali ya Down, mchezo huo haufai kabisa, maana mifupa ya juu ya shingo inaweza kusogea ikabana uti wa mgongo. Ukiwahi kupata maumivu mapya ya upande mmoja wa shingo baada ya kutoka kwa kinyozi, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali na umweleze daktari kilichofanyika. Kukandwa kichwa kuendelee.

SWALI: Wifi yangu amejifungua kwa upasuaji siku 9 zilizopita. Mama mkwe anataka akandwe tumbo kwa maji ya moto ili damu chafu itoke, kama alivyofanyiwa yeye. Wifi anaogopa ila hawezi kumkatalia mkubwa. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwambieni mama, kwa heshima zake zote, kwamba mji wa mimba hujirudi wenyewe kwa kujikaza, na kazi hiyo huchukua takribani wiki 6 bila kusaidiwa na kitambaa wala ndoo. Damu inayotoka siku hizo si chafu, na maji yanayomwagwa juu ya ngozi hayafiki ndani. Yanachofikia ni ngozi yenye ganzi kuzunguka mshono, ambayo huungua bila mzazi kuhisi haraka, na kidonda ambacho kikilowa na kubonyezwa huweza kufumuka au kuingiwa na vijidudu. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida naye huunguzwa, na nimewaona wenye makovu ya tumboni ambayo hayakutokana na uzazi wenyewe.

Katika desturi hiyo, hata hivyo, kuna mambo ya kuhifadhiwa. Mzazi hupumzishwa, hupikiwa, huogeshwa na haachwi peke yake, na hayo yana thamani kuliko dawa nyingi. Mama mkwe anaweza kumkanda mgongo, mabega yanayouma kwa kunyonyesha, na nyayo, wifi akiwa ameketi au amelala ubavu, baada ya kuhakikisha hakuna mguu uliovimba peke yake kama nilivyomweleza mkandaji wa Nungwi. Akipata homa, harufu mbaya ukeni, usaha kwenye mshono, au damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, arudi hospitali.

Na kwa kuwa mmegusa tumbo la uzazi: mjamzito asikandwe tumbo ili mtoto ageuzwe. Hospitalini daktari hujaribu kumgeuza mtoto kuanzia karibu na wiki ya 37, akiongozwa na picha, mapigo ya mtoto yakifuatiliwa na chumba cha upasuaji kikiwa tayari, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kuachia na mama akavuja damu ndani kwa ndani. Nyumbani hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 6 ana selimundu. Maumivu yakimshika miguuni namchua kwa nguvu kwa barafu kama wanavyofanyiwa wachezaji mpira. Je, ni sawa? (Mama, Dodoma)

JIBU: Barafu acha leo hii, mama. Baridi huibana mishipa midogo, na chembe za damu zilizojikunja kama mundu huzidi kukwama, kwa hiyo maumivu unayotaka kuyatuliza unayaongeza. Tumia kitambaa cha uvuguvugu ulichokijaribu kwanza kwenye mkono wako, mpe maji ya kutosha na dawa ya maumivu aliyoandikiwa, na mpapase taratibu bila kubonyeza, akitaka mwenyewe. Tumbo lake upande wa kushoto chini ya mbavu lisikandwe kamwe, kwani ndipo ilipo bandama, ambayo kwa watoto wa umri huu inaweza kujaa damu ghafla ikavimba. Waulize wauguzi wa kliniki wakufundishe kuipapasa kwa ncha za vidole ili ujue inapokua. Nyonga ikianza kumuuma au akichechemea, usimvute wala kumnyoosha mguu, maana mfupa wa nyonga huenda umekosa damu. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi ni ya hospitali. Tanzania inakadiriwa kupata watoto takribani 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kwa hiyo kila mkandaji nchini alipaswa kuyajua haya tangu siku ya kwanza ya mafunzo.

SWALI: Nilitolewa titi na tezi za kwapani miaka 3 iliyopita, nikamaliza matibabu yangu Ocean Road. Mabega yananiuma. Rafiki zangu wananiambia masaji husambaza saratani. Ni kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Hofu hiyo imewanyima wagonjwa wengi faraja bila sababu, kwani hakuna ushahidi kwamba kukandwa kwa upole husambaza saratani mwilini. Kuna mambo mengine, hata hivyo, yanayostahili tahadhari yako. Mkono wa upande uliotolewa tezi hauna njia kamili ya kuyarudisha maji ya limfu, na unaweza kuvimba hata miaka mingi baada ya upasuaji, kwa hiyo usikandwe kwa nguvu wala kuwekewa mawe ya moto upande huo, pamoja na bega na ubavu wake wa nyuma. Ukianza kuhisi pete inabana au mkono ni mzito, mtafute mtaalamu aliyejifunza kukanda limfu, ambaye husogeza ngozi tu kwa wepesi utakaokushangaza. Upande wa pili na shingo ya nyuma vinaweza kukandwa kwa kiasi.

Kabla ya hayo yote, nieleze maumivu yenyewe. Kama ni ya mahali pamoja, yanazidi usiku na hayapungui ukipumzika, mwone kwanza daktari wako wa saratani, kwa sababu saratani ya titi ikirudi hupenda mifupa, na mfupa uliodhoofika unaweza kuvunjika chini ya mkono wa mkandaji. Kwa wasomaji ambao bado wako kwenye dripu za kemotherapia, siku kati ya 7 na 14 baada ya dripu ndizo ambazo chembe za kugandisha damu na za kinga huwa chini zaidi. Siku hizo mguso uwe mwepesi sana, na mkandaji mwenye mafua asije.

SWALI: Mama yangu husafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki na ana fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya kusafishia damu, kwenye mkono wa kushoto. Dada wa kazi humkanda mwili mzima kila usiku. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Mkono wenye fistula usikandwe, usifungwe mkanda wa presha, usilaliwe na usivishwe saa. Ukiweka vidole juu yake utahisi mtetemo laini usiokoma, ambao ndio uhai wa fistula hiyo, na siku ukikosekana pigieni simu kituo cha kusafishia damu bila kungoja zamu ijayo. Siku ya kusafishwa, mama mara nyingi hupewa heparini ili damu isigande mashinani, kwa hiyo usiku huo apapaswe tu. Aamke taratibu baada ya kukandwa, kwani presha hushuka.

SWALI: Nina kisukari kwa miaka 12. Mwanangu amenizawadia mashine ya umeme ya kukanda nyayo yenye joto. Niitumie? (Mzee, Nairobi)

JIBU: Shikamoo mzee. Zima joto, na kabla ya kutumia chochote omba kliniki ikupime hisia za nyayo kwa kile kiuzi cha plastiki wanachokigusisha. Ikiwa huhisi kila mahali, mashine hiyo ibaki sandukuni, maana itakuchubua usijue, na kidonda cha mguu wa kisukari huanza hivyo hivyo. Kama unatumia insulini, usikandwe mahali ulipojichoma siku hiyo, kwani dawa itaingia haraka na sukari kushuka. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asitumie mashine za umeme za kukanda kabla ya kumwuliza daktari wake wa moyo.

SWALI: Tumefungua chumba cha masaji na tunataka kuwauliza wateja kuhusu afya zao. Je, tuwalazimishe waseme kama wana virusi vya UKIMWI? Na barua ya daktari iandikwe nini? (Wakandaji, Arusha)

JIBU: Msiulize kuhusu virusi. Havipiti kwenye ngozi nzima, na mkandaji anayenawa mikono, anayefunika jeraha lake na asiyegusa jeraha la mteja amejilinda na kumlinda kila mtu. Ulizeni yanayobadilisha kazi ya mkono: upasuaji, ajali au safari ndefu ya karibuni, dawa zote anazotumia, zikiwamo za kupaka na za miti shamba, ujauzito na uzazi, ganzi, uvimbe, homa, vidonda, na maumivu ambayo hajawahi kumwonyesha daktari. Mtu mwenye homa arudishwe nyumbani hadi apone.

Barua yenye neno moja, "anaruhusiwa," haiwasaidii, kwa kuwa daktari aliyeiandika huenda alikuwa akifikiria kupapaswa na nyinyi mkafikiria viwiko. Mwandikieni nyinyi kwanza: tunakusudia kumkanda mgongo na miguu kwa dakika 45, kwa nguvu ya kiasi hiki, akiwa amelala kifudifudi, kwa mafuta haya, je, kuna sehemu ya kuacha, mkao wa kuepuka, au siku zisizofaa kwa sababu ya dawa zake? Swali la namna hiyo hujibiwa kwa mistari miwili yenye manufaa. Kama mnatoa huduma kwa jina la tiba asili au tiba mbadala, sheria ya mwaka 2002 inawataka msajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na majibu ya wateja yafungiwe kwenye kabati lenye ufunguo, yasomwe na mkandaji anayemhudumia mtu huyo peke yake, na yasipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, kama ilivyokwisha kutokea mahali fulani.